Mwizi wa Jina: Plein Soleil ya René Clément

Plein Soleil ni filamu ya Kifaransa iliyoongozwa na René Clément na kuanza kuonyeshwa Ufaransa tarehe 10 Machi 1960. Inasimulia habari za Tom Ripley, kijana wa Kimarekani asiye na mbele wala nyuma, anayemwua rafiki yake tajiri Philippe Greenleaf katikati ya bahari, kisha akalivaa jina la marehemu pamoja na nguo zake, saini yake na akaunti yake ya benki. Katika nchi zinazosema Kiingereza ilijulikana kwa jina la Purple Noon. Wapo wanaoikumbuka kwa sababu ya uzuri wa bahari ya Italia, na wengi zaidi kwa sababu ya uso wa Alain Delon, lakini kilichoifanya idumu ni jinsi inavyoitazama husuda. Tom hatamani mali ya Philippe tu. Anatamani kuwa Philippe, na filamu inaonyesha hatua kwa hatua kwamba kuwa mtu mwingine ni kazi inayohitaji mikono, subira na mazoezi.

Kisa chenyewe hakikuzaliwa Ufaransa. Kilitoka katika riwaya The Talented Mr. Ripley ya mwandishi wa Kimarekani Patricia Highsmith, iliyochapishwa mwaka 1955. Highsmith alizaliwa Fort Worth, Texas, mwaka 1921, na jina lake lilivuma baada ya Alfred Hitchcock kuigeuza riwaya yake ya kwanza kuwa filamu ya Strangers on a Train mwaka 1951. Mwaka 1952 alikuwa Positano, kusini mwa Naples. Asubuhi moja, kutoka roshani ya hoteli, alimwona kijana akitembea peke yake ufukweni, taulo begani, kichwa chini kama mtu aliyezama katika mawazo. Hakuzungumza naye wala hakumwona tena. Kutokana na mgeni huyo akamuumba Tom Ripley, mhusika aliyeishi naye karibu miaka 40, kwani riwaya ya tano na ya mwisho juu yake ilitoka mwaka 1991.

Ripley wa kitabuni anaanzia New York, akiishi kwa kuwatapeli watu kwa barua bandia za kodi. Baba wa tajiri kijana anayeitwa Dickie Greenleaf anamtuma Italia akamrudishe mwanawe nyumbani. Tom anafika, anauonja utamu wa maisha ya Dickie, na siku anapoona kwamba Dickie amemchoka anamwua kwa kasia ndani ya boti ndogo huko San Remo. Kisha anatajirika kwa mali ya marehemu, na kitabu kinaisha yeye akiwa huru. Jambo hilo la mwisho ndilo lililowasumbua wasomaji wa miaka ile. Riwaya za uhalifu zilikuwa na desturi ya kumfikisha mkosaji mbele ya sheria. Highsmith aliivunja desturi hiyo bila kuomba radhi, akamwacha muuaji wake na hofu tu ya kukamatwa, hofu ambayo haimzuii kula vizuri na kulala.

Clément alipoichukua riwaya hiyo alikuwa na umri wa miaka 46 na heshima kubwa. Filamu yake La Bataille du rail, kuhusu wafanyakazi wa reli waliowapinga Wanazi, ilituzwa katika tamasha la kwanza la Cannes mwaka 1946. Jeux interdits ya mwaka 1952, kuhusu watoto wawili wanaochezea makaburi wakati wa vita, ilipata Simba wa Dhahabu huko Venice na kisha tuzo ya Oscar. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1950 heshima ya aina hiyo ilikuwa imegeuka mzigo. Kundi la vijana waliotoka katika uandishi wa habari za sinema, François Truffaut, Claude Chabrol, Jean-Luc Godard na wenzao, lilikuwa limewashambulia kwa miaka kadhaa waongozaji wa rika la Clément, likisema wanatengeneza filamu zilizopigwa pasi, zisizo na pumzi. Mwaka 1959 Truffaut alitoa Les Quatre Cents Coups. Filamu ya kwanza ndefu ya Godard, À bout de souffle, iliingia sinema siku sita tu baada ya Plein Soleil.

Mkongwe hakujibu kwa makala. Aliwachukua watu wa vijana hao akafanya nao kazi. Skripti aliiandika pamoja na Paul Gégauff, ambaye alikuwa mshirika wa Chabrol katika Les Cousins na mjuzi wa mazungumzo ya vijana wakatili wenye pesa. Kamera alimkabidhi Henri Decaë, aliyekuwa amepiga Les Quatre Cents Coups na, kabla yake, Ascenseur pour l'échafaud ya Louis Malle. Decaë alizoea kufanya kazi nje ya studio, kwa vifaa vyepesi na mwanga uliopo. Clément mwenyewe hakuwa mgeni wa barabara: katika Monsieur Ripois ya mwaka 1954 aliificha kamera katika mitaa ya London ili kumnasa mwigizaji wake Gérard Philipe katikati ya wapita njia. Kwa hiyo Plein Soleil imesimama mahali pa pekee katika historia ya sinema ya Ufaransa. Ina usanifu wa mafundi wa zamani na hewa ya vijana wapya, na haijibani katika kundi lolote kati ya hayo mawili.

Uteuzi wa waigizaji nao ulikuwa na kisa chake, ambacho Delon alikisimulia mara nyingi. Awali alipangiwa kucheza Philippe, yule tajiri anayeuawa, na Tom angechezwa na Jacques Charrier. Delon alikuwa na miaka 23 na filamu chache tu nyuma yake. Alikwenda nyumbani kwa Clément akakataa: alitaka kuwa Tom. Watayarishaji, ndugu Robert na Raymond Hakim, walikasirika, na ubishi ukaendelea hadi usiku. Mke wa mwongozaji, Bella Clément, ambaye pia alibuni mavazi ya filamu, akasema kutoka upande wa pili wa chumba kwamba kijana ana haki. Shauri likaishia hapo, na nafasi ya Philippe ikamwendea Maurice Ronet.

Ni vigumu sasa kuona vipi ingeweza kuwa vinginevyo. Delon alizaliwa Sceaux, karibu na Paris, mwaka 1935. Wazazi wake waliachana akiwa mdogo, akalelewa na watu wengine, akajifunza kazi ya bucha, kisha akaingia jeshi la majini akiwa na miaka 17 na kupelekwa Indochina. Aliporudi alibeba mizigo katika soko la Les Halles na kuhudumu mezani. Alijua vizuri maana ya kusimama nyuma ya kiti cha mwenye nacho. Ronet, kwa upande wake, alitoka katika familia ya waigizaji na alikuwa na ule ulegevu wa mtu asiyewahi kuharakishwa na yeyote. Mgawanyo huo unaonekana hata kabla hawajasema neno. Kinachotia fadhaa ni kwamba maskini ndiye mzuri zaidi wa sura. Philippe ana kila kitu isipokuwa hicho, na Tom hana kitu isipokuwa hicho.

Filamu haianzi Marekani. Inaanzia Roma, katika meza ya mkahawa wa barabarani, marafiki wakiwa tayari wanakunywa na kucheka. Hakuna maelezo marefu ya nani ni nani. Mtazamaji anaokota habari kama mgeni aliyeketi meza ya jirani: kwamba baba wa Philippe yuko San Francisco, kwamba ameahidi dola 5,000 kwa Tom iwapo atamrudisha mwanawe, kwamba Philippe hana nia ya kurudi na anamweka Tom kwa sababu anamchekesha na anajua kufanya kila kitu. Philippe ananunua fimbo nyeupe ya kipofu aliyekutana naye njiani, kwa bei ya kipuuzi, kisha wenzi hao wawili wanazurura mjini wakijifanya vipofu na kumhadaa mwanamke mmoja. Ni mchezo wa kitoto. Lakini ndani yake mna kanuni yote ya kisa: kwa Philippe kujifanya mtu mwingine ni burudani ya jioni moja, naye atarudi kuwa tajiri kesho asubuhi. Tom anatazama na kujifunza. Anarudi na hereni ya mwanamke yule mfukoni, na hereni hiyo itakuja kumfaa.

Kutoka Roma wanahamia Mongibello, kijiji cha kubuni kilichopigwa picha hasa katika kisiwa cha Ischia, kwenye ghuba ya Naples. Hapo anaishi Marge, mchumba wa Philippe, anayeandika kitabu juu ya mchoraji Fra Angelico. Marge alichezwa na Marie Laforêt, aliyekuwa hajawahi kuigiza katika filamu. Philippe anampenda kwa namna ya watu waliozoea kusubiriwa: anamwacha, anamrudia, anamnyamazisha kwa busu.

Siku moja Tom, akiwa peke yake chumbani kwa Philippe, anafungua kabati. Anavaa koti la milia, anavaa viatu, anachana nywele kwa upande wa mwenyewe, kisha anasogea kwenye kioo. Anaanza kusema kwa sauti ya Philippe, akimtuliza Marge asiyekuwapo, halafu anakibusu kioo. Tukio hili ni moyo wa filamu, na uzito wake uko katika kutoweza kusema kwa hakika anayebusiwa ni nani. Huenda ni Marge wa kuwaziwa, huenda ni Philippe, na huenda ni Tom mwenyewe aliyekwisha kuwa Philippe. Highsmith aliandika wazi zaidi juu ya mvuto wa Tom kwa rafiki yake. Clément aliusogeza kando, akamfanya Tom amtamani Marge, lakini katika dakika hizi za kioo mvuto huo unarudi wote. Kisha picha ya pili inaingia ndani ya kioo: Philippe amesimama mlangoni, mjeledi wa farasi mkononi, ametazama kitambo. Hapigi. Anamwamuru tu avue. Aibu ya mtu aliyekamatwa akiwa ndani ya ngozi ya mwingine ni kali kuliko aibu ya mwizi aliyekamatwa na mfuko wa pesa, na Delon anaionyesha bila kutamka lolote.

Safari ya baharini inakuja baada ya hapo. Watatu hao wanatweka matanga katika mashua ya Philippe, iliyopewa jina la Marge, kuelekea Taormina. Nafasi ni finyu, jua ni kali, na dhihaka zinaongezeka. Mezani Philippe anamkosoa Tom jinsi anavyoshika kisu cha kulia samaki, kisha anamweleza kwamba mtu anayehangaika kuonekana mstaarabu tayari amejitia ushamba. Ni maneno machache, lakini ukatili wake ni mkubwa kuliko tusi, kwa sababu yanamfungia Tom mlango wa pekee aliokuwa akiutegemea. Amekuwa akijifunza adabu za matajiri kwa bidii, na sasa anaambiwa bidii yenyewe ndiyo inayomfichua. Baadaye Philippe anamtupa katika kihori kinachovutwa nyuma ya mashua ili apate faragha na Marge. Kamba inakatika. Wanapomkumbuka na kugeuza mashua kumtafuta, jua limekwisha kumbabua mgongo mzima.

Wachambuzi wengi hutaja mateso haya kama chanzo cha mauaji, kwamba Tom alilipiza kisasi. Filamu yenyewe haikubaliani nao. Muda si mrefu baada ya hapo inafichuka kwamba Tom ameweka barua za benki za Philippe miongoni mwa vitu vyake, na Philippe, badala ya kuogopa, anavutiwa. Anamuuliza angefanya nini. Wakiwa wameketi kucheza karata, Marge akiwa ameshushwa pwani baada ya ugomvi ulioanzishwa na ile hereni ya Roma, ambayo Tom aliitia katika koti la Philippe ili ionekane, mwuaji na mwuawa wanajadili mpango kama watu wanaopanga matembezi. Angemwua. Angeiga saini. Angeishi kwa mali yake. Philippe anacheka, anatoa hoja za kupinga, anasahihisha. Hakuna hasira yoyote katika sauti ya Tom. Husuda yake imevuka hatua ya chuki. Anamweleza Philippe mpango kama mtumishi mwaminifu, na Philippe, aliyezoea kuhudumiwa, anachelewa kuelewa kwamba safari hii huduma ni yake ya mwisho. Kisu kinapomwingia kifuani anatamka jina moja tu, la Marge.

Kinachofuata ni miongoni mwa vipande bora zaidi vya sinema ya baharini. Upepo umeanza kuvuma. Tom yuko peke yake na maiti katika mashua ambayo hajaizoea vya kutosha. Anaifunga maiti kwa turubai, anaizungushia waya, anaiongezea uzito wa nanga, anaiburura hadi ukingoni, na wakati huohuo matanga yanapiga, foromali inayumba, mawimbi yanapanda sitahani. Anarushwa majini, mashua inamwacha, anaogelea kwa kufa na kupona hadi anaikamata. Hakuna mazungumzo. Decaë anaifuata kazi hiyo kwa kamera inayoyumba pamoja na chombo, na mtazamaji anajikuta akitaka jambo la ajabu: anataka Tom afaulu. Mwaka huohuo, katika Psycho, Hitchcock aliwashikisha watazamaji pumzi gari lenye maiti lilipochelewa kuzama kinamasini. Waongozaji hao wawili waligundua, kila mmoja kwa njia yake, kwamba macho ya binadamu humfuata mtu anayefanya kazi ngumu, hata kama kazi hiyo ni kuficha mauaji. Dhoruba inapopita Tom anakula tunda.

Sehemu ya pili ya filamu inahusu makaratasi. Katika Ulaya ya mwaka 1960 mtu alikuwa ni pasipoti, saini, mwandiko na barua zilizopigwa taipureta. Picha katika pasipoti ilibandikwa na kugongwa muhuri. Benki ililinganisha saini na saini. Tom anaishambulia mifumo hiyo mmoja baada ya mwingine. Anaitoa picha ya Philippe na kuweka yake, akiufuatisha muhuri kwa uangalifu wa sonara. Ananunua projekta, anaitupa saini ya Philippe ukutani ikiwa kubwa kuliko yeye mwenyewe, kisha anaifuatisha kwa kalamu mara nyingi, mkono wote ukizunguka, mpaka umbo linaingia katika misuli. Baada ya hapo anaketi mezani na kuiandika kwa ukubwa wa kawaida, bila kutazama mfano. Kwa taipureta ya Philippe anamwandikia Marge barua za baridi za kuachana. Clément haharakishi lolote kati ya haya. Alikuwa ameanza kazi yake katika filamu za hali halisi, na alijua kwamba mikono ya fundi haichoshi kutazamwa.

Hapa ndipo filamu inapompita kila mtu aliyewahi kusimulia juu ya wizi wa jina kwa kutegemea bahati au sura zinazofanana. Tom hafanani na Philippe. Hawezi kumdanganya yeyote aliyemjua Philippe kwa uso, kwa hiyo anajenga maisha ambayo ndani yake Philippe yuko daima lakini haonekani. Kwa wahudumu wa hoteli na makarani wa benki yeye ni Greenleaf. Kwa Marge na marafiki yeye ni Tom anayemtafuta Greenleaf. Inambidi ajue kila dakika yuko mbele ya nani. Utajiri alioupata hauna hata saa moja ya mapumziko, na ule ulegevu wa Philippe, ambao ndio hasa alioutamani, hauwezi kuigwa wala kuibwa.

Mtego unafungwa na Freddy Miles, Mmarekani mnene mwenye maneno mengi, aliyechezwa na Billy Kearns. Anafika katika nyumba aliyopanga Tom mjini Roma akimtafuta Philippe, anamkuta Tom, na vipande vinaanza kuungana kichwani mwake. Tom anampiga kwa sanamu ya Buddha. Mauaji haya ni tofauti na yale ya kwanza. Hayana mpango wala tamaa, yana hofu tu, na maiti ya Freddy ni nzito mno. Anamshusha ngazi akimkumbatia kama mlevi anayesindikizwa, anampakia garini na kwenda kumtupa. Baina ya kuua na kumtupa anakula kuku. Chakula kinarudi katika kila saa ya giza ya filamu hii, na kila mara kinaliwa kwa hamu ya kweli. Clément hakumpa Tom majuto ya kuigiza. Alimpa njaa.

Kifo cha Freddy kinamlazimisha Tom amwue Philippe mara ya pili, safari hii kwa kalamu. Polisi, wakiongozwa na Inspekta Riccordi, wanaamini Philippe ndiye aliyemwua Freddy, na Philippe hawezi kuendelea kuwa hai. Tom anamtungia kujiua na wosia unaomwachia Marge mali. Hesabu yake ni ya mbali: anaipoteza mali kwa jina la Philippe ili aifikie tena kwa jina lake mwenyewe kupitia kwa Marge. Anarudi Mongibello, anamfariji mfiwa, anamshika mkono, na gitaa la Marge lililokuwa kimya linapigwa tena. Hatimaye amekuwa Tom Ripley, mwenye nafasi ya Philippe. Laforêt, katika uigizaji wake wa kwanza, analibeba jambo gumu la sehemu hii: kumfanya mtazamaji aamini kwamba mwanamke mwenye akili anaweza kuhama kutoka huzuni hadi mapenzi mapya bila kuwa mjinga.

Jambo moja la kiufundi linastahili kuelezwa kwa kirefu, nalo ni mwanga. Filamu za uhalifu za wakati ule, za Marekani na za Ufaransa, zilipendelea usiku, mvua na kivuli. Hata Les Diaboliques ya Henri-Georges Clouzot, kisa cha kutisha kilichotikisa Ufaransa mwaka 1955, ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Clément na Decaë walichagua rangi na adhuhuri. Bahari ni buluu ya kuumiza macho, matanga ni meupe, ngozi zina rangi ya shaba. Hakuna pembe ya kujificha. Uchaguzi huo unabadili maana ya kitisho, kwa kuwa uovu hautoki gizani: umeketi mezani na wengine, umevaa shati safi, na unatabasamu. Mwanga huohuo unaeleza pia husuda ya Tom bila maneno. Kila kitu anachokosa kinaonekana waziwazi mbele yake, kinang'aa, umbali wa mkono.

Kipo kipande kimoja ambacho hakina kazi yoyote katika kisa, na ni hasara kukiruka. Tom, baada ya mauaji ya kwanza, anatembea katika soko la samaki mjini Naples. Anapita kati ya mabeseni, anatazama pweza, anaonja, anatazama vichwa vya samaki vilivyokatwa, navyo vinaonekana kumtazama yeye. Kamera inamfuata Delon kama inayomfuata mtu halisi sokoni. Hakuna tukio. Muziki wa Nino Rota, aliyeandika mwaka huo muziki wa La dolce vita ya Fellini, unacheza kwa furaha ya mandolini huku macho ya wafu yakipita. Ni kipande ambacho mwongozaji wa shule ya zamani angekikata katika chumba cha uhariri, na ndicho kinachothibitisha kwamba Clément alikuwa amesikia ujumbe wa vijana waliomtukana.

Mwisho wa filamu ndio uliozua mabishano ya kudumu. Mashua ya Philippe inauzwa. Inapovutwa nchi kavu ili ikaguliwe, waya unafuata kutoka nyuma, umejizungusha kwenye rafadha, na mwisho wa waya kuna turubai. Philippe amekuwa akivutwa chini ya maji muda wote. Marge anapiga kelele. Wakati huohuo Tom amelala katika kiti cha ufukweni, anaagiza kinywaji kilicho bora kuliko vyote, na anaeleza kwamba hajawahi kujisikia vizuri hivyo. Polisi wanamwomba mhudumu amwite, kwamba ana simu. Tom anainuka na kutembea kuelekea huko akitabasamu. Filamu inakwisha kabla hajafika.

Highsmith alimsifu Delon lakini aliuona mwisho huo kuwa udhaifu, kuinamia maadili ya umma yanayodai mkosaji akamatwe. Ana hoja, kwa kuwa kitabu chake kiliwaacha wasomaji bila faraja na filamu inawapa. Lakini lawama hiyo haitazami kinachoonyeshwa. Clément hakuonyesha pingu, mahakama wala maungamo. Alikata filamu katika nukta ya furaha kamili ya Tom, dakika pekee ambayo hafanyi kazi yoyote na haigi mtu yeyote. Na kilichomfichua si akili ya inspekta. Ni waya uleule alioufunga kwa mikono yake, katika saa ambayo upepo ulimnyima nafasi ya kuangalia umekwenda wapi. Kwa kigezo cha ufundi wa kisa, mwisho wa Clément una nguvu kuliko ule wa Highsmith, hata kama ule wa Highsmith una ujasiri zaidi.

Filamu ilimfanya Delon nyota. Mwaka huohuo Luchino Visconti alimtumia katika Rocco e i suoi fratelli, na mwaka 1967 alikutana tena na kamera ya Decaë katika Le Samouraï ya Jean-Pierre Melville. Mwaka 1969, katika La Piscine ya Jacques Deray, Delon na Ronet walirudi pamoja katika jua la kusini, na kwa mara nyingine Delon alimwua Ronet, safari hii katika bwawa la kuogelea. Clément alifanya naye filamu nyingine tatu bila kuufikia ukamilifu wa ile ya kwanza. Mwongozaji alifariki mwaka 1996, mwaka ambao Martin Scorsese aliisaidia Plein Soleil kurudi katika majumba ya sinema ya Marekani. Delon alifariki tarehe 18 Agosti 2024.

Riwaya ya Highsmith imerudiwa mara kadhaa tangu hapo. Filamu ya Anthony Minghella ya mwaka 1999, Matt Damon akiwa Tom na Jude Law akiwa Dickie, ilirudisha Marekani, upweke na mapenzi yaliyofichwa ambayo Clément aliyaacha, na Tom wake anasikitikiwa. Mfululizo wa televisheni wa mwaka 2024 ulioongozwa na Steven Zaillian, Andrew Scott akiwa Ripley, uliondoa rangi zote na kurefusha kila hatua ya ughushi na usafishaji wa damu. Zote mbili zinaeleza Tom ni nani kwa ukamilifu kuliko Clément, aliyekataa kumpa historia yoyote. Ila hakuna hata moja inayomfanya mtazamaji atake kuwa Philippe kwa nguvu ile ambayo Tom anataka, na bila tamaa hiyo husuda inabaki kuwa ugonjwa wa mtu mwingine. Anayetaka kumjua Ripley aanze na riwaya, kisha aitazame Plein Soleil kabla ya nyingine zote.